Bibi anasema nimekuja kama mgeni: nifanye nini nikienda kumtembelea?

*"Nina miaka 29, ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, naishi Kimara. Bibi yangu mzaa mama ana miaka 79, yuko Tandika na mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka 3 mpaka nilipofika kidato cha pili. Naenda kumwona Jumapili moja kila mwezi, baada ya chakula cha mchana. Nampelekea sukari, mchele, maziwa ya unga na hela kidogo. Lakini tukishasalimiana maneno yanakwisha. Yeye kwenye kochi, TV inaongea, mimi nashika simu. Ananiuliza kama nimekula, baada ya muda ananiuliza tena. Nikimweleza mambo ya kazini anaitikia 'ndiyo, ndiyo', halafu anaanza hadithi ileile ya treni iliyomleta Dar kutoka Kilosa. Mwezi uliopita nilipoaga alinishika mkono akasema, 'Umekuja kama mgeni, unaondoka kama mgeni.' Nililia kwenye daladala mpaka Ubungo. Mama mdogo anasema nisijisumbue, bibi ameshazeeka, hela ya sabuni inatosha. Nimewaza hata kumchukua nikae naye Kimara. Je, anaanza kupoteza kumbukumbu? Na nifanyeje ili muda ule uwe na maana kwake na kwangu?"*

Mdogo wangu, pole kwa safari ile ya daladala. Kwa miaka 18 kazi yangu imekuwa ushauri nasaha kwa wazee na familia zao hapa Dar es Salaam, na maneno kama ya bibi yako nimeyasikia kwa sura nyingi. Yanauma kwa sababu yametoka kwa mtu aliyekubeba mgongoni. Lakini kabla hujayageuza kuwa hukumu, yatazame tena. Ulidhani amekaa tu pale kwenye kochi, kumbe muda wote alikuwa anakutazama. Ameona umekaa vipi, umeshika nini, umeangalia saa mara ngapi, akasubiri mpaka mlangoni ndipo akakwambia. Mtu aliyekuchoka hafanyi hivyo. Bibi anakudai, na anachokudai unacho.

Nianze na neno lenyewe, mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni ni nani? Ni yule anayekaribishwa, akapewa kiti kizuri, akaletewa soda, akaulizwa kama amekula, kisha akaaga. Mwenyeji ni yule anayejua kisu kiko wapi. Wewe nyumba ile uliijua mpaka mahali bibi alipoficha sukari. Leo unaingia, unakabidhi mfuko, unakaa, unapokea soda. Bibi naye anabaki na swali moja tu la kukuuliza, kwa sababu ndilo swali ambalo mwenyeji humuuliza mgeni: umekula? Kwa hiyo kiini cha jibu langu ni hiki: ukienda tena, omba jembe. Nitaeleza ni jembe gani. Kwanza, hata hivyo, kuna jambo jingine ambalo nisipolisema mapema, ushauri wote huu hautafanya kazi.

Nina wasiwasi na masikio ya bibi kuliko nilivyo na wasiwasi na akili yake.

Angalia ulichoandika wewe mwenyewe. Unamweleza mambo ya kazini, anaitikia "ndiyo, ndiyo". TV iko juu. Anakuuliza jambo ulilokwisha kulijibu. Kisha anahamia kwenye hadithi yake. Mimi nikisikia mfuatano huo, swali langu la kwanza ni kama jibu lako lilimfikia. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vijinywele vidogo sana vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mishipa ya fahamu. Zile zinazopokea sauti nyembamba ndizo zinazochakaa kwanza umri ukisogea, na zikifa hazioti tena. Sasa katika maneno yetu, irabu ni sauti nzito na zinabaki. Zinazopotea ni konsonanti nyembamba: s, f, sh, ch, t, k, p. Mzee wa namna hii anasikia kwamba unaongea, anasikia na wimbo wa sentensi, lakini "pesa", "kesha" na "cheka" zote zinamfikia zikiwa "e-a". Ndiyo maana anasema anasikia, na kweli anasikia. Asichokipata ni maneno.

Watu wengi hapo hupaza sauti, na kupaza sauti ni kosa. Ukipiga kelele unazikuza zaidi irabu, ambazo tayari alikuwa anazisikia, na konsonanti zinazidi kuzama. Tena sikio lililochakaa lina tabia ya ajabu: sauti ndogo halisikii, lakini sauti ikipanda kidogo inaruka ghafla na kuwa kero. Ndiyo maana mzee huyohuyo aliyesema "unasemaje?" mara tatu, mara ya nne anakukaripia, "Usinipigie kelele, mimi si kiziwi!" Watoto wa nyumba wanadhani ni ukorofi wa uzee. Wala si ukorofi, sikio lake kweli limeumia.

Zima TV. Usipunguze, zima. Hama kwenye kochi la pembeni, kaa mbele yake, karibu kiasi cha kuweza kumshika goti, na mwanga uangukie uso wako wewe. Ukikaa na dirisha mgongoni, midomo yako inakuwa giza, na wazee wengi wanasoma midomo bila wenyewe kujua. Ongea taratibu kwa sauti nzito kidogo. Asipopata sentensi, usiirudie ilivyo, ibadilishe. "Nimepandishwa cheo" ikigoma, sema "bosi amenipa kazi kubwa zaidi". Fanya hivyo Jumapili moja tu, halafu hesabu atakuuliza mara ngapi kama umekula.

Kisha apimwe. Mara nyingine tatizo ni nta tu iliyoganda na kuziba njia ya sikio, na kituo cha afya wanaitoa kwa dakika chache. Msimchokonoe kwa pamba za vijiti, njiti ya kiberiti wala pini. Nta inasukumwa ndani zaidi, na kiwambo cha sikio kinaweza kutoboka. Ikiwa ni uchakavu wa umri, vipo vifaa vya kusaidia kusikia. Nikwambie ukweli, vile vizuri bei yake ni mzigo kwa familia nyingi, na hata ukivinunua mzee anahitaji wiki kadhaa kuvizoea, kwa sababu mwanzoni kila sufuria inayogongwa inamshtua. Wengine huvitia kabatini. Usinunue kabla ya vipimo, na usinunue vile vinavyotembezwa barabarani.

Twende kwenye treni ya Kilosa. Kurudia hadithi si lazima iwe dalili ya kuchanganyikiwa. Kumbukumbu za binadamu hazilali sawasawa: ukimwomba mtu mzima asimulie maisha yake, nyingi zitatoka kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi, kipindi cha mambo ya mara ya kwanza. Mara ya kwanza kupanda treni, mara ya kwanza kuiona bahari, ndoa, mtoto wa kwanza. Hizo zimechimbwa ndani. Na lipo jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui. Mtu asiyesikia vizuri hupenda kuongea yeye, kwa sababu anapoongea yeye halazimiki kusikiliza. Hadithi ya treni ni mahali pake pa salama. Pale hakosei jibu, hachekwi, hamwambii mtu "unasemaje?"

Wewe unaisikia kama kanda inayorudia. Mimi nakuomba uishike kama mlango. Bibi wa miaka 79 alikuwa binti wa miaka 15 hivi usiku ule wa 9 Desemba 1961. Aliusikia Uhuru akiwa wapi? Redioni, au kwa watu wanaopita na ngoma? Mwaka 1966, shilingi ya Tanzania ilipoanza kuchukua nafasi ya hela ya Afrika Mashariki, alikuwa na miaka 20 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa foleni za sukari na sabuni kwenye maduka ya kaya, alikuwa mama mwenye watoto wa kuwalisha, na mmoja wao huenda alikuwa mama yako. Haya yote yako nyuma ya treni ile, lakini hutayapata kwa kumwambia "bibi, nisimulie maisha yako." Swali kubwa namna hiyo linamwelemea, ndiyo maana anarudi kwenye hadithi aliyoizoea.

Uliza vitu vidogo vinavyoshikika. Siku ile ya treni alivaa nini? Mzigo ulikuwa sanduku au kitita cha kanga? Walikula nini njiani, na akina nani walikuwa wanauza vyakula dirishani? Aliposhuka Stesheni nani alimpokea, au alipotea kwanza? Usiku wa kwanza alilala mtaa gani, na maji walichota wapi? Ukishapata jibu moja, nyamaza. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Vijana mnawahi mno kuziba kimya, na mzee anahitaji muda wa kwenda kulichukua jambo huko lilipo na kurudi nalo. Na akigusa kifo cha mtoto au mwaka wa shida akaanza kulia, usimbembeleze haraka wala usibadilishe mazungumzo. Kaa naye tu. Asipotaka kuendelea atasema mwenyewe.

Ukitaka, mrekodi sauti kwa simu, dakika 10 au 15. Mwombe ruhusa kwanza, mwoneshe simu ilipo, na ukimaliza mchezee asikie sauti yake. Lakini usimweke kwenye status bila yeye kukubali. Nimeona bibi aliyeumia sana: alikuwa anacheka na jirani, halafu jirani akamwambia "nimekuona kwa mjukuu wako umevaa kanga moja." Heshima ya mzee haiishii pale anapoishia kuelewa mitandao.

Sasa jembe. Vijana wengi wanaamini muda mzuri na mzee ni mazungumzo, uso kwa uso. Kwa wazee wetu wengi haikuwa hivyo hata walipokuwa vijana. Maneno yalitoka mikono ikiwa na kazi: wanachambua mboga, wanakuna nazi, wanasukana nywele. Kukaa kwenye kochi mnatazamana ni kama usaili wa kazi, na kwenye usaili kila mtu hukosa la kusema.

Mwaka fulani nilikuwa nikimtembelea mama mmoja mzee Buguruni. Binti zake walinihakikishia haongei tena, anasinzia tu. Siku hiyo nilikuta dada wa kazi anachambua mchele kwenye ungo, nikauomba ule ungo nikamwekea bibi mapajani. Hakusema kitu. Akautikisa mara mbili, mchele ukajikusanya upande mmoja. Kisha kidole cha shahada kikaanza kutembea, kinasukuma punje, kinasimama, kinachomoa chenga ya jiwe ambayo mimi na macho yangu sikuwa nimeiona. Akaiweka kwenye ukingo wa ungo, peke yake. Ya pili akaiweka pembeni ya ile. Nami nikaanza kusaidia, nikachomoa punje moja nzima nikidhani ni chuya. Akanipiga kidogo kwenye kiganja. "Huo mchele," akasema. "Mama yako hakukufundisha?" Tulikaa pale karibu saa nzima na akanieleza biashara yake ya vitumbua mwanzo mpaka mwisho.

Huo haukuwa muujiza. Ujuzi wa mikono umehifadhiwa kwenye sehemu za ubongo tofauti na zile zinazokumbuka ulichoambiwa asubuhi, na mara nyingi hudumu wakati zile nyingine zimelegea. Mikono ikianza, mdomo hufuata. Na kuna jambo zito zaidi ya ubongo. Fikiria mtu aliyelea watoto, akalea na wajukuu, akaendesha nyumba miaka 50, halafu leo neno analosikia kutwa ni "kaa bibi, pumzika, acha tutafanya." Tunalisema kwa mapenzi. Lakini mtu anayepokea tu, hapewi nafasi ya kutoa, hujiona mzigo. Sukari yako na hela yako usiache kupeleka, vinamsaidia na vinampa heshima mbele ya majirani. Ila siku hiyohiyo na wewe umwombe kitu. Akufundishe mchuzi wa samaki wa nazi anaoupika yeye, umkunie nazi, yeye aonje na kukwambia tui zito limewahi kuingia. Umpelekee kitambaa akwambie kama kinafaa. Umweleze ugomvi wako na mtu wa ofisini na umuulize yeye angefanyaje. Uliza kwa nia ya kujua. Wazee wananusa haraka sana mtu anayewaigizia.

Usihofu kwamba muda wako kwake ni mdogo. Mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Laura Carstensen, ameeleza kwa utafiti wa miaka mingi kwamba mtu akiona muda uliobaki umepungua, hupunguza watu wa kawaida na kushikilia wachache wa moyoni. Bibi hahitaji wageni kumi. Wewe uliyelelewa mkononi mwake uko kwenye wale wachache, na ndiyo maana ugeni wako umemuuma kuliko ugeni wa mtu mwingine yeyote.

Halafu mdogo wangu, umesahau silaha yako kubwa. Bibi ni mtani wako. Kwetu mjukuu na bibi wana ruhusa ambayo mama na mwana hawana. Bila shaka ulipokuwa mdogo alikuita mke mwenzake, mkagombania babu. Utani ule haukuwa mchezo wa watoto tu. Ni njia iliyowekwa ili kizazi cha kwanza na cha tatu waweze kusemezana yale ambayo wa katikati hawaruhusiwi kuyagusa: mapenzi, ndoa, aibu, kifo. Ukimwamkia "shikamoo bibi" naye akaitikia marahaba, usikimbilie kukaa. Maliza salamu yote, usingizi, miguu, majirani, halafu mchokoze: "Mke mwenzangu, leo umemficha wapi mume wetu?" Kama babu ameshatangulia, utajua mwenyewe kama jina lake linaleta kicheko au majonzi. Kwa wajane wengi huleta vyote viwili, na hakuna ubaya.

Kuhusu saa ya kwenda. Jumapili baada ya chakula cha mchana ni saa mbaya kuliko zote. Amekula, joto la Dar limepanda, mwili unataka kulala, pengine dawa za presha alizokunywa asubuhi zinamlegeza. Nenda asubuhi, saa tatu hivi, akiwa mwepesi, ukute kazi za jikoni hazijaanza. Badala ya mara moja kwa mwezi, jaribu kila baada ya wiki mbili hata kama ni muda mfupi. Katikati mpigie simu, lakini ujue simu ya kawaida hukata sehemu ya zile sauti nyembamba na midomo haionekani, kwa hiyo "ndiyo, ndiyo" zitarudi. Ya video ni afadhali. Na mara moja moja lala kwake. Usiku una maneno yake, ila taa msiizime mapema, gizani hatakusikia.

Kumtoa nje ni vizuri, ukitanguliza swali la aibu ambalo yeye hataliuliza: choo. Wazee wengi wanakataa kutoka wakisingizia miguu, kumbe wanaogopa mkojo utawabana mahali wasipopajua. Tafuta bajaji, si daladala yenye ngazi ndefu, na jua mapema vyoo viko wapi. Na usidhani lazima iwe ufukweni kwa ajili ya picha. Mwulize anataka kwenda wapi. Nimeshasikia wakijibu: msibani nilikokosa kwenda, kwa shoga yangu wa zamani, kaburini kwa baba yenu. Bibi yako mimi ningempeleka Stesheni, tukae tu dakika 20 aoneshe aliposhukia. Ikiwa afya inaruhusu na daktari wake hana pingamizi, treni ya SGR siku hizi inapita Kilosa. Hilo mngelipanga pamoja taratibu, na kulipanga tu ni wiki nzima ya maongezi.

Kumhamishia Kimara, nakushauri usifanye. Najua linatoka moyoni. Lakini utatoka alfajiri na kurudi usiku, naye atashinda ndani peke yake kwenye mtaa ambao hakuna anayemwita kwa jina. Tandika ana baraza, ana jirani wa kumuuliza "umeamkaje", ana genge analolijua kwa miguu, na anajua usiku choo kiko hatua ngapi. Mzee ambaye kumbukumbu imeanza kulegea hutegemea sana mazoea ya mahali. Ukimwondoa, anaweza kuchanganyika kuliko mwanzo. Hali ikibadilika, mama mdogo akiugua au akishindwa, hapo mkae kama ukoo mlizungumze upya, na bibi awepo kwenye kikao.

Na huyo mama mdogo, tafadhali usimchukulie kama mtu asiyejali. Wewe unamwona bibi saa chache kwa mwezi akiwa ameoga na amevaa. Yeye anafua shuka, anaamka usiku, anavumilia swali moja mara nane. "Hela ya sabuni inatosha" mara nyingi ni maneno ya mtu aliyechoka mpaka hajui tena aombe nini. Usiingie kama mkaguzi. Mpigie Alhamisi, mwambie: "Ma'mdogo, Jumapili niko na bibi mpaka saa nane, nenda saluni, nenda kwenye kikao chako, lala." Ukifanya hivyo miezi mitatu mfululizo, na bibi atapata mtunzaji aliyepumzika. Pengine hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko maziwa ya unga.

Sasa swali lako la kumbukumbu. Kutokana na ulichoandika siwezi kusema ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na siwezi kusema hana. Kusahau jina la mtu kisha likaja baadaye, kusahau miwani, kurudia hadithi, hayo huja na umri. Kinachonitia wasiwasi ni mzee anayepotea kwenye njia aliyoizoea, anayesahau jiko likiwaka, anayeuliza jambo lilelile baada ya dakika chache hata pale ulipohakikisha amekusikia, anayeshindwa kutambua noti, au anayebadilika tabia na kuanza kuwatuhumu watu wizi. Ukiyaona haya yakiongezeka mwezi hadi mwezi, mpeleke. Si kila usahaulifu hauna tiba. Tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, dawa zinazogongana, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, vyote vinaweza kumfanya mzee aonekane amechanganyikiwa, na vyote vina la kufanyiwa.

Sonona kwa wazee wetu hujificha kwenye maneno ya imani. "Mimi nasubiri siku yangu tu" inaweza kuwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi na kumwamini Mola wake. Lakini ikija pamoja na kukataa chakula, kukonda, kuacha kuoga, kuamka usiku wa manane kila siku na kutotaka kuona mtu, huo ni ugonjwa na unatibika.

Yapo mambo ya kutosubiri hata kesho. Mzee aliyekuwa sawa jana, leo anaongea ovyo, haelewi yuko wapi, au amelala asiyeamshika vizuri: hiyo inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, kifua, au sukari iliyoshuka kama anatumia dawa za kisukari. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika ghafla, huo ni uwezekano wa kiharusi na kila dakika ina thamani. Mkimbizeni hospitali saa ileile, msimpake mafuta kwanza. Na siku ukikuta alama za kupigwa, njaa, au hela zake zinachukuliwa, usinyamaze kwa kuogopa kuvunja undugu. Nenda serikali ya mtaa au kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa.

Kwa yale yasiyo ya dharura, anzeni kituo cha afya kilicho karibu, nao wakiona haja watawaandikia rufaa ya hospitali ya Temeke, na kutoka hapo Muhimbili. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali za umma zina dirisha la wazee. Muulizeni mwenyekiti wa mtaa au afisa ustawi kuhusu kitambulisho chake cha matibabu. Nendeni asubuhi. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za miti shamba, na umwambie daktari tangu mwanzo kwamba bibi hasikii vizuri, ili asimpime kumbukumbu kwa maswali ambayo hakuyasikia. Daktari akikugeukia wewe na kuuliza "anaumwa nini?", mwelekeze kwa upole amuulize mwenyewe. Wewe kaa upande ule wa sikio lake zuri, umrudie taratibu swali lisilomfikia, na umwache ajibu.